Ngitili Isiyo na Kwato

Kama uliwahi kupita Mwanzegele, kijiji cha pamba kilichojificha ndani kidogo ya njia ya Mwamapalala, na mbuzi wako mmoja akakuponyoka akaingia kwenye nyasi zisizo zako, basi Luhende unamfahamu, huna haja ya kuhadithiwa. Alikufikia kabla hujamaliza kumwita mbuzi. Alikusalimia kwanza, maana ni mtu wa adabu, mwangaluka, mhola, habari za nyumbani, na salamu zilipokwisha akakushika mkono akakupeleka kwa wazee ukatozwe faini. Hakujali wewe ni nani. Aliwahi kumpeleka katekista wa kigango, siku ya Jumapili, mwenyewe akiwa bado na kitabu cha sala kwapani.

Hakuna Mwanzegele atakayekuambia kwamba Luhende alikuwa mwema. Watakuambia alikuwa mnyoofu, na unyoofu wa namna ile huwachosha majirani kuliko wizi. Mwizi hupumzika. Luhende hakupumzika. Mrefu, mkavu, macho mekundu kwa vumbi, ndani ya koti zito alilolivaa jua na mvua, alizunguka kingo za ngitili kila siku ya Mungu tangu ujana wake hadi mvi zilipomwota.

Ngitili, kwa asiyejua, ni malisho yanayofungwa. Mvua za kwanza zikinyesha, kijiji kinalitenga eneo: asiingie ng'ombe, asiingie mbuzi, lisiingie jembe. Nyasi zinaachwa ziote, zikomae, zikauke zikiwa zimesimama. Kisha kiangazi kinakaza, mito inabaki mchanga, ng'ombe wa vijiji vingine wanaanza kutafuna vumbi, na hapo ndipo ngitili inafunguliwa, kipande kwa kipande, kila boma kwa zamu yake. Wasukuma wamefanya hivyo tangu enzi za watemi. Watemi wakaja wakafutwa baada ya uhuru, vikaja vijiji vya ujamaa watu wakahamishwa na vyungu vyao kichwani, ikaja halmashauri, ikaja kata, kikaja chama baada ya chama, na ngitili ya Mwanzegele ikavuka humo mote bila kuulizwa na mtu. Iliyoitawala ni dagashida, yaani mkutano wa wenyeji wote, wenye sheria zake ambazo hazikuandikwa popote na ambazo kila mtoto anazijua. Dagashida ndiyo iliyomchagua Luhende kuwa mlinzi. Alikuwa kijana wakati huo, ndiyo kwanza ameoa. Mkewe, Nyanjige, husema kwamba siku ile aliolewa na mtu na nyasi pamoja, na kwamba nyasi ndizo zilizokuwa mke mkubwa.

Na zilimgharimu. Ule mwaka wa ukame mbaya, ambao watu wa Simiyu wakiutaja hushusha sauti, mdogo wake Luhende, Maganga, alikuja na ng'ombe wake wote hadi kwenye uzio wa miiba. Mbavu zao ungeweza kuzihesabu. Ndani ya uzio nyasi zilikuwa zimesimama hadi kiunoni.

"Kaka, nifungulie upande wa mtoni tu," Maganga alisema. "Siku mbili. Wakishika nguvu nawatoa."

"Dagashida haijasema," Luhende alijibu.

"Dagashida ni wewe na mimi na majirani. Nani atakukatalia?"

"Ndiyo maana siwezi. Nikikufungulia wewe kwa kuwa umenyonya ziwa nililonyonya mimi, kesho nitamfungia nani?"

Maganga hakuvunja uzio. Angeweza, miiba si chuma. Aliketi chini pale nje, na ng'ombe wake wakaanza kuanguka mmoja mmoja, wengine shingo zao zimelala juu ya miiba wakinusa majani. Dagashida ilipokutana na kutangaza kufungua, Maganga hakuwa tena na ng'ombe wa kuingiza. Kijiji kilipona mwaka ule. Maboma mengi yaliyoko Mwanzegele leo yapo kwa sababu ya nyasi zile, na kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alimpongeza Luhende, na Luhende alirudi nyumbani akalia mbele ya mkewe kama mtu aliyefiwa. Tangu siku hiyo Maganga alimsalimia kaka yake misibani tu. Akageukia nyuki. Dagashida ilimruhusu kutundika mizinga yake kwenye miti ya ngitili, kwa kuwa nyuki hawali nyasi, na ndugu hao wawili wakawa wanapishana mle ndani kila mmoja akitazama upande wake.

Sasa njoo kwenye miaka hii ya karibuni. Asubuhi moja ya masika, Ndaki, mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene mwenye simu mbili, alimwita Luhende akamwambia kuna wageni wanakuja.

"Ni watu wa upimaji, wanatoka juu," Ndaki alisema. "Mpango wa matumizi bora ya ardhi. Watazunguka kijiji kizima, na wamesema ngitili lazima waione. Ni ukaguzi, baba. Usituangushe."

Laiti angetumia neno jingine lolote. Maana Luhende katika maisha yake aliujua ukaguzi wa aina moja tu. Kila mwaka kabla ya kufungua, wazee wa dagashida huingia ngitili wakiwa wamejipanga mstari, macho chini, wakitafuta kosa. Wakiona alama ya kwato, mlinzi anaulizwa. Wakiona kinyesi kibichi, mlinzi anatozwa. Wakiona kisiki kilichokatwa, mlinzi anaaibishwa mbele ya wakwe zake. Ngitili nzuri ni ile ambayo wazee wanatoka mwisho wake hawana la kusema. Miaka yote Luhende alikuwa akifaulu mtihani huo, na sasa serikali yenyewe ilikuwa inakuja kumtahini. Alifurahi. Aliona kwamba hatimaye watu wakubwa wamepata habari za kazi yake.

Akaanza kusafisha. Kwanza aliwakataza kina mama waliokuwa wakiingia kuchimba mizizi ya dawa na kukata nyasi za kuezekea, ingawa walikuwa na ruhusa ya siku nyingi. Akaziba kwa miiba njia ya mkato ya watoto wa shule. Akang'oa magogo yaliyochongwa ya kuwekea ng'ombe chumvi, akayaburuta hadi nyumbani. Akapita na kikapu akiokota kinyesi kikavu cha msimu uliopita. Nyanjige alisimama ukingoni mikono kiunoni akimtazama.

"Baba Milembe," alisema, kwa jina la binti yao wa kwanza, "kinyesi cha sungura utakiacha, au nacho nikuletee ufagio?"

"Cheka tu. Wakija wakakuta uchafu, aibu ni ya nani?"

Ikabaki mizinga ya Maganga. Luhende hakutaka kwenda mwenyewe, akamtuma mtu. Maganga aliishusha yote bila neno, akaibeba nyumbani kwake, na nyuki wengi wakamkimbia.

Wageni walifika na gari jeupe. Kiongozi wao alikuwa Eliaichi, kijana mpole wa kutoka Kilimanjaro, aliyehamishiwa huku si zamani na bado alikuwa akishangaa ukubwa wa anga. Alimwamkia Luhende shikamoo kwa heshima zote, akavaa buti, akashika kifaa chake cha kupimia, wakaingia ngitili pamoja. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri. Nyasi zilikuwa zimewafunika hadi mapajani, zinayumba, na hakukuwa na alama ya kiumbe chochote.

"Hapa analima nani, mzee?" Eliaichi aliuliza.

"Hakuna."

"Hata kipande cha bustani?"

"Aliyejaribu alikuwa mmoja, tulimng'olea mihogo yake yote."

"Na wanaochunga humu?"

"Ng'ombe haingii, baba. Tazama mwenyewe chini. Ukiona kwato moja, nikate mkono."

Eliaichi alitazama chini. Akabonyeza kifaa chake. Wakaenda mbele, Luhende akitangulia, kifua mbele, akimfungulia nyasi mgeni kwa fimbo.

"Kuna nyumba? Boma lolote?"

"Nani athubutu!"

"Kuni je? Watu wanaokota kuni? Dawa, asali?"

Na hapa ndipo Eliaichi alipofanya jambo ambalo Luhende alikuja kulikumbuka baadaye. Alisimama. Alishusha kile kifaa, akamtazama mzee usoni kama mtoto anayemwonya baba yake kwa macho tu mbele za watu. Nyuma yao walikuwapo wenzake wawili na Ndaki anayehema.

"Mzee wangu, fikiri vizuri kidogo," alisema taratibu. "Nauliza hivi: kuna mtu, hata mmoja, anayepata chochote katika eneo hili?"

Luhende alidhani ni mtego. Wazee wa dagashida nao hutega hivyohivyo, wanakuuliza kwa upole ili ukiri.

"Hakuna," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Hata mmoja. Mimi nipo. Nimepalinda maisha yangu yote. Mtu haingii hapa."

Eliaichi akaandika. Akasema pametunzwa sana, kwa kweli hajaona mahali palipotunzwa hivi. Luhende alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama bwana harusi. Alimwambia Nyanjige achinje jogoo, na walipokuwa wakila alirudia maneno ya mgeni mara mbili, tatu, pametunzwa sana, pametunzwa sana, hadi mkewe akamwambia ameshasikia, ale.

Pamba ilivunwa ikapelekwa kwenye mizani, mvua zikaisha, na wakati dagashida ikijiandaa kukutana ipange siku ya kufungua, uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Alikuja mtu mwingine, si Eliaichi, mtu wa tai, na alikuja na majibu ya mpango. Alisoma mengi ambayo hakuna aliyeyashika. Kisha akafika kwenye ngitili. Eneo hilo, alisoma, halikaliwi, halilimwi, halichungiwi wala halivunwi mazao yoyote, na hayo yamethibitishwa kwa macho ya wapimaji na kwa maelezo ya mlinzi aliyewekwa na kijiji chenyewe. Kwa hiyo si sehemu ya ardhi inayotumiwa na kijiji. Limehesabiwa kuwa ardhi ya jumla, chini ya usimamizi wa serikali, na tayari amepatikana mwekezaji wa kunenepesha ng'ombe wa nyama, ambaye atalitumia ipasavyo kwa faida ya taifa.

Watu hawakupiga kelele. Waligeuka. Mkutano mzima uligeuza shingo kumtazama Luhende, naye alikuwa bado anatabasamu kidogo, kwa kuwa alikuwa amesikia wakimtaja mlinzi na alikuwa hajaelewa yaliyofuata. Jirani yake akamweleza kwa Kisukuma. Lile tabasamu lilikaa usoni muda mrefu, halikujua pa kwenda.

Kijiji kilipiga moyo konde kikaamua kwenda kwenye baraza la ardhi. Walimpata wakili wa msaada wa kisheria, Felisita, msichana mwenye miwani aliyekuja kwa basi kutoka Mwanza na kulala kwa mwalimu. Aliwaeleza bila kuwapaka mafuta. Sheria za ardhi, alisema, zilitungwa mbili mwaka mmoja, na hazisemi kitu kimoja. Moja inasema ardhi ya kijiji ni ya kijiji, pamoja na ile ya pamoja na ile inayopumzishwa, na mila za wenyeji zinaheshimiwa. Nyingine inafungua mlango mdogo na kusema ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa ni ya jumla.

"Wenzenu wamepitia mlango huo," alisema. "Na mzee Luhende amewashikia."

"Kwa hiyo tufanyeje, mayu?" mzee mmoja akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Tuonyeshe kwamba kufunga ndiko kutumia. Kwamba mnaitawala ile ardhi, mna sheria juu yake, na sheria hiyo inauma. Nipeni mtu aliyeumizwa nayo. Si faini ya mbuzi. Nataka mtu aliyepoteza."

Luhende akainuka akaondoka, kwa kuwa alijua ni nani, na wenzake walijua anajua.

Nyumbani kwa Maganga hakuwa amekanyaga tangu ukame ule. Alimkuta uani anapaka nta kwenye mzinga. Luhende alisimama mbali kama mgeni, akapiga hodi hali mwenye nyumba anamwona.

"Karibu," Maganga alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kunishushia tena mizinga? Haipo huko."

"Nimekuja kuomba."

"Wewe? Kuomba?" Sasa akainua kichwa. "Niambie basi, nisikie inavyokuwa."

Luhende akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kujikwaa, na alipofika mahali pa kuwataja ng'ombe sauti ilimkwama kabisa. Maganga alimwacha akwame. Alimaliza kupaka upande mmoja wa mzinga, akaugeuza.

"Unataka nikawaambie watu wa mjini ng'ombe wangu walivyokufa."

"Ndiyo."

"Ili nyasi zako zipone."

"Si zangu, Maganga. Hazijawahi kuwa zangu."

"Hapo umesema kweli." Maganga aliweka nta chini. "Nitakwenda. Si kwa ajili yako, usijidanganye. Wanyama wangu walikufa kwa ajili ya zile nyasi. Zikichukuliwa bure, watakuwa walikufa bure. Hilo siliwezi."

Mke wa Maganga aliwaletea michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na karanga, katika sahani moja, akaiweka katikati yao na kuondoka haraka. Walikula bila kutazamana. Lakini walikula, na kabla hawajamaliza Maganga alimuuliza kaka yake kama mguu bado unamsumbua kwenye baridi, na Luhende akasema unamsumbua, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Mwanzegele. Tangu hapo wakawa wanatembeleana.

Barazani Maganga alitoa ushahidi bila kutia chumvi. Felisita alimwongoza vizuri. Alieleza uzio, ombi lake, jibu la kaka yake, na ng'ombe. Watu wa Mwanzegele waliojaza mabenchi ya nyuma waliinamisha vichwa. Hata mwenyekiti wa baraza aliacha kuandika akasikiliza. Luhende, aliyekaa mbele, aliona kwamba wanashinda.

Kisha akasimama wakili wa upande wa pili, mtu mzima, mtaratibu, asiye na haraka.

"Pole sana, mzee Maganga," alisema. "Siku ile nyasi zilikuwa na urefu gani?"

"Kiunoni."

"Na ng'ombe wako walikuwa wanakufa pale nje."

"Ndiyo."

"Na hakuna hata mmoja aliyekula nyasi zile."

"Hakuna."

"Ng'ombe wa mtu mwingine je? Siku hiyo, wiki hiyo, wapo waliokula?"

"Hakuna. Ilikuwa imefungwa."

"Ahsante. Kwa hiyo hata katika shida kubwa kuliko zote mlizowahi kuziona, ardhi hii ilikaa bila kutumiwa." Akageukia baraza. "Sina swali jingine."

Felisita aliruka kusimama. Alirudisha mambo ya akiba, ya kufunguliwa kwa zamu, ya mila. Alimwita Luhende naye aeleze namna kijiji kilivyopona baadaye. Lakini wakili yule alimuuliza Luhende jambo moja tu, kama maneno aliyoyasema mbele ya wapimaji ni yake. Felisita alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba anaweza kueleza, anaweza kusema hakuelewa swali, kwamba kuna namna. Luhende alifikiri. Mwanzegele nzima ilikuwa nyuma yake.

"Ni yangu," alisema. "Niliulizwa, nikasema."

Hukumu ilipotoka haikuwa ndefu. Baraza lilikubali kwamba wenyeji wana desturi ya kukataza watu kuingia eneo hilo. Lakini kukataza, lilisema, si kutumia. Felisita alifunga mkoba wake akawaambia kuna rufaa, na akaeleza rufaa ni nini na inachukua muda gani, na kila mtu alimwitikia vizuri kama unavyomwitikia mgonjwa anayepanga safari.

Waya ulifika kabla kiangazi hakijakaza. Si miiba, waya hasa, na nguzo za chuma, na mlinzi aliyevaa sare, kijana wa kutoka mkoa mwingine ambaye hakumjua mtu. Ng'ombe wa mwekezaji walishushwa kwenye malori wakaingia moja kwa moja kwenye nyasi zile zilizokomaa zimesimama, nyasi za msimu mzima, na wakazila. Mwanzegele walipeleka ng'ombe wao mnadani wakiwa mifupa, na walioshindwa kuuza waliwachuna waliokufa.

Ndipo dagashida ikakutana. Hapakuwa na ngitili ya kufungua, hapakuwa na zamu ya kupanga, na watu walikuja hivyohivyo, wote, wakaketi kwenye uwanja wazi juani. Kijiji kilichonyang'anywa kitu na mtu ambaye hakiwezi kumfikia hutafuta anayefikika. Shtaka lilitajwa: Luhende alitoa mali ya wote kwa wageni, kwa kinywa chake, bila ruhusa ya mkutano. Adhabu yake inajulikana. Ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji, shambani kwake hakuna mkono wa mtu, akifa anazikwa na wa nyumbani kwake peke yao. Atakayemsalimia anatengwa naye, yeye na watoto wake.

Ndaki aliinuka akasema kwamba, kama mwenyekiti wa kijiji, analazimika kuwakumbusha kuwa serikali hairuhusu jambo hilo.

"Serikali imeshachukua la kwake," mtu mmoja alimjibu. "Hili tuachie." Ndaki akaitazama simu yake, akasema ana mtu anamtafuta, akaondoka.

Maganga alisimama. "Hakujua," alisema. "Nani kati yenu angejua? Mngeulizwa ninyi mngesemaje? Si mlikuwa mnamsifu?"

"Keti, Maganga," Luhende alisema.

"Sikai."

"Keti. Wananiuliza mimi." Luhende aliinuka, akavua koti lake kama sheria inavyotaka, akasimama katikati. Wengine waliomtazama siku ile wanasema walitamani ajitetee, aseme lolote, alie, awatukane, wapate sababu ya kumhurumia.

"Uliomba ruhusa ya mkutano kabla ya kusema na wageni?" mkubwa wa dagashida akauliza.

"Sikuomba."

"Sheria inasema nini?"

"Inasema atengwe."

"Inasema kama alijua au hakujua?"

"Haisemi," Luhende alijibu. "Ingekuwa inasikiliza sababu, ningemfungulia mdogo wangu."

Mkubwa wa dagashida alichelewa kutamka hukumu, na alipotamka alitamka akitazama pembeni. Lakini alitamka. Nyanjige aliambiwa kwamba anaweza kurudi kwa ndugu zake, sheria haimfungi. Alicheka kwa uchungu, akajifunga khanga vizuri, akaenda kusimama karibu na mumewe.

Nyumba yao ikawa kama shimo katikati ya kijiji. Watu waliizunguka. Wasichana wa kisimani walinyamaza Nyanjige alipofika na kuanza tena kuongea alipoondoka. Milembe, binti yao aliyeolewa huko Nkoma, alikatazwa na mumewe asije, kwa kuwa habari za kutengwa husafiri. Luhende hakulalamika. Kitu kimoja tu kilimtafuna, nacho alimweleza mkewe: kwamba alikuwa ameanza kumzoea tena Maganga, muda mfupi tu, na sasa basi.

Asubuhi moja alikuwa amekaa mlangoni akisuka kamba ya katani, kwa mazoea, hana ng'ombe wa kuifungia. Maganga akatokea njiani na mzinga begani. Njia ile inapita mbele ya nyumba, hakuna nyingine, na ng'ambo yake kisima kilikuwa kimejaa watu wa asubuhi. Luhende alimwona mdogo wake akipunguza mwendo. Alimwona akiushusha mzinga chini, akijifuta mdomo kwa mkono, akivuta pumzi. Kisimani ndoo ziliacha kugongana. Maganga ana watoto sita.

Luhende akainuka upesi, akaingia ndani, akafunga mlango. Akabaki amesimama gizani, ameushikilia kwa mikono yote miwili, mpaka aliposikia mzinga unainuliwa na hatua zinakwenda.